Salfa Imekwenda Wapi?

Juzi nimemkuta kijana wa zamu ya usiku anamimina mafuta ya alizeti kwenye kampaundi ya tairi, yaani mchanganyiko wa mpira kabla haujaiva, sehemu 10 kwa mia ya mpira, vilevile alivyozoea kumimina yale meusi ya aromatiki ya kulainisha mpira. Kwenye kadi ya bechi kaandika "mafuta 10". Mafuta gani? "Si mafuta tu, mzee." Nikatafuta pa kukaa. Nyinyi mlioingia mwaka huu, sogeeni karibu.

1. Andika aina ya mafuta kwenye kadi, pamoja na namba ya pipa.

2. Usibadilishe mafuta bila kugusa salfa, ile inayofunga mpira ukaiva, na kichapuzi kinachoiharakisha. Hapa nitachelewa kidogo, maana ndipo nilipozikwa mimi.

Nilikuwa na mwaka mmoja na nusu kwenye karakana ya kuvalisha tairi upya, Kampala. Mafuta ya aromatiki yaliadimika. Nilikuwa nimesoma kwamba Ulaya iliyabana tangu Januari 2010 kwa sababu ya kemikali zinazoleta saratani, na kwamba Goodyear walitoa tairi zenye mafuta ya soya mwaka 2017. Nikajiona nami mtaalamu. Alizeti ya Lira ipo, bei si mbaya, nikaweka sehemu kwa sehemu. Kwenye roli kampaundi ililala laini kama unga wa chapati. Reomita, mashine inayochora jinsi mpira unavyoiva, ilikuwa na foleni, nikairuka. Nikapima ugumu kwa kipimo cha Shore A: 55, na tulitaka 64. Nikajiambia, bado wa moto huu, ukipoa utapanda. Sikurudi kuupima tena.

Tairi kumi na mbili zikaenda kwenye malori ya Juba. Baada ya wiki tatu dereva mmoja akaingia getini na gunia, akalimwaga juu ya meza yangu. Vipande vya uso wa tairi, vingine vikubwa kama kiganja, bado vina vumbi jekundu. Akasema, "Mwanangu, hivi nimeviokota kabla ya Elegu. Vingine nimeviacha huko." Afadhali angenitukana. Siku mbili nzima nililaumu masizi tunayotia kwenye mpira, nikalaumu joto la barabarani, nikamlaumu mzee wa watu kwa kuzidisha mzigo. Mzigo kweli alizidisha, lakini haukuwa jibu.

Ssalongo wa maabara hakubishana nami. Alichukua kopo la maziwa, akatia alizeti na salfa, akaliweka kwenye jiko la maabara, akanisogezea stuli. Mafuta yakageuka kahawia, yakaanza kunuka mayai viza, mwisho yakaganda yakawa yanatetemeka kama ini la mbuzi. Akalichoma kwa bisibisi. "Umeona salfa yako ilikokwenda?" Vifungo maradufu vya alizeti, yaani sehemu za molekuli ambazo salfa hushika, vinagombea salfa na mpira, na mpira unabaki nusu mbichi. Ndipo akaniwekea sampuli kwenye reomita niliyoiruka: mkunjo wa grafu ya uivaji ulipanda kidogo, ukalala chini kabisa ya ule wa zamani. Dakika chache tu za kazi, na mimi nilishindwa kuzingojea.

Siku hizi tunapandisha salfa robo sehemu kwa robo, kila hatua na mkunjo wake. Alizeti hiyohiyo inakwenda Juba na kurudi.

3. Mawese ya Kalangala yana vifungo maradufu vichache zaidi: namba yake ya iodini, kipimo cha vifungo hivyo, ni kama 50, alizeti huvuka 110. Lakini asubuhi ya mvua unakuta pipa limeganda. Lipashe. Kuna mmoja alichota kwa mwiko, akapima vizuri kabisa, kisha mabonge yakazunguka ndani ya mikisa bila kuchanganyika. Simtaji, yeye mwenyewe anacheka anaposoma hapa.

4. Mafuta ghafi yana asidi huru, na hiyo inafanya kazi ya steariki, asidi tunayotia kuamsha kichapuzi, kwa hiyo punguza steariki. Yakinuka kama chipsi za jana, usiyatie.

5. Ya nyonyo hayapatani na mpira asilia. Yanatoka jasho usoni, na jasho likifika kwenye gundi, uso unabanduka.

6. Ugumu unapimwa mpira ukiwa umepoa. Usiku kucha. Umepoa!

Na wewe wa zamu ya usiku, lile jerikeni la njano si la stoo. Nalongo wa kantini amekuja mara mbili kuliulizia, na leo tumekula maharage yasiyokaangwa.