Gemu moja, akaunti tatu: maswali yenu kuhusu maduka ya magemu ya kompyuta

Barua za safari hii karibu zote zinalia kilio kimoja, maduka ya magemu mtandaoni yamekuwa mengi na kila moja linataka uingie kwake kwa mlango wake na ufunguo wake. Nimechagua tano. Ya kwanza na ya mwisho nimezijibu kwa kirefu kwa sababu ndo zenye uchungu zaidi.

Mambo kaka. Mi nimechoka jamani. Nina lancha sita kwenye kompyuta (zile programu za maduka za kuwashia magemu), kila moja na paswedi yake, kila moja inajiwasha yenyewe nikiwasha mashine, juzi nimenunua gemu kwenye duka ninalotumia siku zote nikabonyeza nicheze ikafunguka lancha nyingine ya kampuni iliyotoa gemu, ikaniambia nifungue akaunti nikafungua, ikaniambia nithibitishe barua pepe nikathibitisha, halafu ikaanza kujiapdeti, nusu saa nzima nimekaa naangalia mstari unajaa. Kwani wasingebaki na duka moja tu tukapumzika? — Mwenye lancha sita

Poa mdogo wangu. Hasira zako nazielewa na ziko sawa kabisa, ila hapo kwenye duka moja tu ndo nitakukatalia.

Maana hata hilo duka moja lilianza kwa kulazimisha. Steam, duka la kampuni ya Valve, ilitoka 2003, na gemu yao ya Half-Life 2 ilipofika Novemba 2004 watu walienda dukani wakanunua sidii yao, wakarudi nyumbani, wakaambiwa haichezeki mpaka uiunganishe na Steam kwa intaneti, na siku ile seva zikaelemewa watu wakakaa na sidii mkononi wanaiangalia tu. Walichukia vibaya sana. Leo lancha ileile ndo watu wanaitetea kama ya mzazi wao, na siwalaumu, imeboreshwa miaka na miaka mpaka ikawa nzuri kweli. Lakini wakati ilipokuwa haina mshindani wa maana ilikuwa inamkata mtengenezaji asilimia 30 ya kila mauzo na hakuna wa kumuuliza. Mwishoni mwa Novemba 2018 ndo Valve wakatangaza kwamba gemu ikishapita mauzo ya dola milioni 10 makato yanashuka mpaka 25, na ikipita milioni 50 yanashuka mpaka 20. Siku chache baadaye, Desemba hiyohiyo, Epic wakafungua duka lao wakasema sisi tunakata 12 tu. Kwa hiyo ushindani kuna mtu ulimsaidia.

Shida ni kwamba mtu huyo hakuwa wewe. Maduka yanamgombania mtengenezaji, siyo mchezaji. Kwetu zikaja gemu za duka moja pekee. Metro Exodus ilikuwa imeshaanza kuuzwa mapema Steam, Januari 2019 wiki chache tu kabla haijatoka wakatangaza imehamia Epic kwa mwaka mzima, waliokuwa wameshalipia Steam walipewa yao ila wengine wote wakaambiwa huku sasa, na watu walikasirika mpaka wakaenda kuzijazia maoni mabaya gemu za zamani za mfululizo huo ambazo hazikuwa na kosa lolote. Phoenix Point ndo iliniuma mimi zaidi, kwa sababu ile ilichangiwa na wachezaji wenyewe kabla haijatengenezwa, waliahidiwa wataipata Steam au GOG (duka jingine la magemu), halafu 2019 wakaambiwa ni Epic kwanza. Ndiyo, waliotaka kurudishiwa hela walirudishiwa, lakini mtu aliyechanga alichangia ahadi, na hela iliyorudi haiirudishi ile ahadi. Na duka lenyewe lililokuwa na uwezo wa kununua gemu za watu namna hiyo lilikaa bila hata kikapu cha manunuzi mpaka Desemba 2021, ukitaka gemu tatu unalipia moja moja. Kama wangetumia nguvu hizo kutengeneza duka zuri kwanza, nadhani nusu ya ugomvi usingekuwepo.

Sasa hiyo lancha ndani ya lancha uliyokutana nayo wala siyo ushindani, usiichanganye na haya. We umeshanunua, hela imeshaenda, hakuna duka linalokugombania tena pale. Kampuni inataka tu akaunti yako na data zako. Rockstar wanafanya hivyo, hata ukinunua Red Dead Redemption 2 kule Steam bado utapitia lancha yao. Na wachezaji wakikataa kwa pamoja inasikika, Helldivers 2 Mei 2024 Sony walitaka wachezaji wa kompyuta wote waunganishe akaunti ya PlayStation, kumbe kuna nchi kibao ambazo akaunti hiyo hata haipatikani rasmi na watu wa huko walikuwa wameshauziwa gemu, malalamiko yakamiminika na ndani ya siku chache Sony wakaacha mpango.

Kwa upande wako fanya hivi: kila lancha ingia kwenye mipangilio yake uzime ile ya kujiwasha na kompyuta, hiyo tu itakupunguzia mzigo nusu. Na kabla hujanunua gemu soma pembeni ya ukurasa wake, Steam huwa wanaandika kama inadai akaunti ya kampuni nyingine, ni maandishi madogo watu wengi wanayaruka. Ikikushinda omba hela yako, Steam wanarudisha ukiwa ndani ya siku 14 na hujacheza masaa 2, ila angalia sana maana ile saa inaweza kuwa inatembea wakati unahangaika na lancha ya pili hata kama gemu yenyewe hujaiona.

Hivi kuna namna ya kuona magemu yangu yote sehemu moja? Nimewahi kununua gemu moja mara mbili nimesahau ninayo duka jingine. — Msahaulifu

Ipo. Kama unatumia Windows jaribu Playnite, ni ya bure na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, unaiunganisha na akaunti zako inakupangia orodha moja. GOG Galaxy nayo inafanya kazi hiyo. Wa Linux watafute Heroic, hiyo ni kwa ajili ya Epic, GOG na Amazon. Ila uelewe kwamba kwa gemu nyingi programu hizi zinakuonesha orodha tu, ukibonyeza kucheza lancha ya duka lenyewe bado itaamka nyuma (Heroic imeenda mbele kidogo, gemu za Epic inaziwasha bila lancha ya Epic kuwepo, na mimi huwa nashangaa kwa nini watu wa kujitolea wameweza kitu ambacho makampuni makubwa hayataki hata kukijadili). Kwa tatizo lako la kununua mara mbili orodha inatosha kabisa.

Kaka naomba msaada haraka, nilipewa gemu ya bure duka moja nikaicheza masaa 80, sasa nimenunua nyongeza zake duka jingine kwa sababu kule kulikuwa na punguzo kubwa, nikiwasha gemu yangu nyongeza hazionekani, huduma kwa wateja wananizungusha. Nimeibiwa? — Masaa 80

Hujaibiwa mdogo wangu ila pole sana, hili linawakuta wengi. Nyongeza zinashikamana na duka ulikonunua gemu yenyewe, ya huku haiingii kule. Ukiwahi omba hela irudi leo leo, usisubiri kesho. Kama muda umeshapita, basi njia iliyobaki ni kuitafuta gemu ya msingi kwenye duka lile lenye nyongeza, mara nyingi gemu iliyowahi kutolewa bure huwa inauzwa kwa punguzo, halafu uhamishe sevu zako, yaani mafaili yanayohifadhi ulipofikia. Sevu za gemu nyingi zimekaa kwenye kompyuta yako mwenyewe, ndani ya folda ya Documents au ile ya AppData iliyofichwa, unazikopi kwanza pembeni, unaiwasha gemu mpya mara moja ili itengeneze folda yake, unaizima, unabandika. Mara nyingi inakubali, siyo zote, zipo zinazofunga sevu na namba ya akaunti. Zima kwanza kuhifadhi mtandaoni kwa muda ule unapobandika, la sivyo lancha inaweza kukurudishia sevu tupu juu ya zile za masaa 80, na hapo utalia kweli.

Zile achivimenti, yaani tuzo ulizopata ndani ya gemu, hazihami. Najua inauma.

Mwanangu, mimi ni mama wa vijana wawili, wanatumia akaunti moja ya Steam na kila siku ugomvi, mmoja akiingia mwenzie anatolewa. Mkubwa ananiambia nimnunulie mdogo magemu yote upya. Ni lazima? — Mama wawili

Shikamoo mama. Hapana, si lazima, usinunue kitu kwanza. Tangu 2024 Steam wana utaratibu wa familia, unaweka watu mpaka 6 wa nyumba moja, kila mmoja na akaunti yake, na magemu ya kila mmoja yanaonekana kwa wenzie. Mkubwa anaweza kucheza gemu hii na mdogo anacheza ile kwa wakati mmoja na hakuna anayetolewa, na sevu za kila mtu ni zake. Kitakachobaki ni kwamba nakala moja haichezwi na wawili kwa pamoja, wakitaka kucheza gemu ileile wote wawili hapo ndo nakala ya pili inahitajika.

Mambo mawili mama uwaambie. Mdogo akifanya udanganyifu ndani ya gemu aliyoazima kwa kaka yake na akafungiwa, na kaka yake anafungiwa gemu hiyo, kwa hiyo mkubwa awe na sababu ya kumfundisha mwenzie vizuri. La pili, siyo kila gemu inakubali kuazimwa, zile zinazodai akaunti ya kampuni nyingine nyingi zinakataa. Wewe ukiwa mtu mzima wa familia unaweza pia kupanga muda wa kucheza na gemu zipi zionekane kwa mdogo.

Nilinunua gemu miaka kadhaa iliyopita kwa hela yangu halali, mwaka jana nimeingia nikakuta seva zimezimwa, na hata ile sehemu ya kucheza peke yako haifunguki. Nimewaandikia wakanijibu nilinunua leseni siyo gemu. Naomba uniambie ukweli, magemu yangu yote 200 na ushee ni yangu au si yangu? — Mnunuzi wa siku nyingi

Ndugu yangu, ukweli ni kwamba mengi si yako kwa ile maana unayoifikiria, na hukuambiwa hivyo kwa sauti wakati unalipa. Kitufe kiliandikwa nunua. Kwangu mimi hili ni kubwa kuliko ugomvi wote wa duka gani zuri, sababu lancha sita zinachosha tu, lakini hili linakuondolea kitu ulichokwishakilipia.

Mfano unaojulikana ni The Crew ya Ubisoft, ilitoka 2014, Machi 31 mwaka 2024 wakazima seva zake, na kwa kuwa ilitengenezwa isiwake bila seva basi hata ukitaka kuendesha gari peke yako kwenye ile ramani haiwezekani, halafu baadaye wakaanza hata kuiondoa leseni kwenye akaunti za watu. Kutokana na hiyo Ross Scott, mtengeneza video wa YouTube, akaanzisha harakati ya Stop Killing Games, hawadai seva ziwashwe milele, wanadai kampuni ikiondoka iache gemu katika hali ya kuchezeka. Ombi lao kwa Umoja wa Ulaya lilivuka sahihi milioni 1 Julai 2025. Kule California nako walipitisha sheria iliyoanza kazi Januari 2025, duka haliruhusiwi kukuandikia nunua bila kukufahamisha wazi kwamba unapewa leseni. Steam walianza kuweka maelezo hayo kwenye ukurasa wa kulipia hata kabla ya sheria kuanza. Sheria hiyo haikupi umiliki, inakuambia ukweli tu, lakini ukweli kabla ya kulipa ni haki ya mnunuzi na ilichelewa miaka mingi.

Sasa hayo 200 yako. Yagawe. Yale yasiyowaka bila seva, yacheze wakati yapo na usinunulie nyongeza ukidhani ni akiba. Yaliyoko Steam yajaribu, kuna watengenezaji ambao hawakuweka kufuli lolote na gemu yao inawaka hata Steam ikiwa imezimwa, funga lancha kabisa, nenda kwenye folda ya gemu ubonyeze faili lenyewe uone. Na kwa manunuzi ya mbele, gemu ikiwepo GOG na ikawepo kwingine, mi nachukua ya GOG, kwa sababu wanakupa faili la kuinstoli ambalo ukishalipakua halihitaji ruhusa ya mtu, na ukiwa hujaridhika wanarudisha hela mpaka siku 30.

Ila faili hilo lazima ulipakue kweli, wengi wananunua GOG halafu wanaliacha hukohuko kwenye akaunti, hapo hamna tofauti kubwa na kwingine. Nunua diski ya nje, anza na magemu kumi unayoyapenda kuliko yote, kopi, halafu zima intaneti ujaribu kuinstoli moja kutoka kwenye hiyo diski. Ukikwama niandikie tena, utaje jina la gemu na duka ulilonunua.