Peptidi za kutunisha misuli: majibu ya maswali yenu

Peptidi si ni vipande vya protini tu? Mwili wenyewe unazitengeneza.

Insulini nayo ni peptidi, mwili unaitengeneza, na dozi ikizidi inaua. Kwa hiyo hoja ya "vya asili" tuiweke kando. La kuuliza ni nani ameipima kwa binadamu, kwa dozi gani na kwa muda gani. BPC-157, inayosifiwa sana kuponya kano na misuli, ushahidi wake mwingi umetoka kwa panya.

Chupa imeandikwa "kwa utafiti tu, si kwa matumizi ya binadamu". Mbona wengi jimu wanajidunga?

Maandishi hayo yanamkinga muuzaji, hayakukingi wewe. Anakwepa sheria za dawa, kisha pembeni anakuuzia maji ya kuchanganyia poda na sindano za insulini. (Sijui ni panya gani wa maabara anayejidunga sindano mwenyewe.) Mwaka 2023 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliiweka BPC-157 kwenye kundi la malighafi zenye shaka kubwa ya usalama kwa famasia zinazochanganya dawa. Zipo peptidi zilizoidhinishwa: tesamorelini ilipitishwa huko mwaka 2010, lakini ni ya kupunguza mafuta ya tumboni kwa baadhi ya watu wanaoishi na VVU. Haikupitishwa kwa ajili ya kujenga misuli.

Muuzaji wangu ana cheti cha maabara: usafi asilimia 99. Bado kuna shida?

Ipo, na hapa ndipo wengi wanapoliwa. Kwanza linganisha namba ya toleo (batch) kwenye cheti na ile ya kwenye chupa. Mara nyingi chupa haina namba yoyote. Hata zikilingana, asilimia ile inaeleza tu kiasi gani cha kilichopimwa ni peptidi yenyewe na kiasi gani ni mabaki ya utengenezaji. Haisemi kama poda haina vijidudu. Haisemi kama chupa ya miligramu 5 ina miligramu 5 kweli. Na haigusi sumu za bakteria, ambazo hubaki hata bakteria wenyewe wakishakufa. Zikiingia mwilini kwa sindano unaweza kupata homa kali na kutetemeka. Vipimo hivyo hufanywa kivyake, na cheti cha ukurasa mmoja kwa kawaida hakina.

Nashiriki mashindano. Nitakamatwa?

BPC-157, pamoja na CJC-1295 na ipamorelini (peptidi zinazosukuma homoni ya ukuaji), zote zimepigwa marufuku na WADA, shirika la dunia linalopambana na dawa zilizokatazwa michezoni, iwe msimu wa mashindano au la. Adhabu yaweza kufika miaka 4.

Natumia CJC-1295 na ipamorelini. Siku hizi vidole vinakufa ganzi na miguu inavimba.

Acha leo. Zote mbili husukuma homoni ya ukuaji, na ikizidi, mwili hushika maji, mshipa wa fahamu kwenye kifundo cha mkono hubanwa, na sukari hupanda. Nenda kwa daktari na chupa yenyewe mkononi, umwambie ukweli, apime sukari. Ukibanwa kifua au pumzi, usingoje miadi. Nenda kitengo cha dharura.