Mafuta ya karafuu yameipita flukonazoli kwenye sahani: je, ndiyo yenye nguvu zaidi?

SWALI: Shikamoo Daktari. Niko mwaka wa mwisho wa ufamasia, kwetu ni Pemba. Mradi wangu ni kupima mafuta ya karafuu na dondoo la majani ya mwarobaini dhidi ya fangasi Candida albicans. Nilipanga diski za karatasi za milimita 6 kwenye sahani moja. Diski ya mafuta ya karafuu, mikrolita 10, ilitoa duara safi, lisilo na fangasi, la milimita 24. Flukonazoli, dawa ya fangasi, ya mikrogramu 25 ilitoa milimita 19. Mwarobaini niliouyeyusha kwa kiyeyushi cha DMSO ulitoa milimita 9, na DMSO tupu nayo 9. Naweza kuandika kwamba karafuu ina nguvu kuliko flukonazoli, na kwamba mwarobaini una nguvu kidogo?

JIBU: Marahaba. Usiandike hayo yote mawili. Kazi ya mikono umeifanya vizuri, na kuweka diski ya DMSO tupu ni jambo ambalo wengi hulisahau. Kinachokosekana ni hesabu ya kiasi.

Mililita moja ya mafuta ya karafuu ina uzito wa kama gramu 1.04. Kwa hiyo mikrolita zako 10 ni zaidi ya mikrogramu 10,000. Upande wa pili uliweka mikrogramu 25 za flukonazoli. Mafuta yalipewa uzito unaozidi ule wa dawa kwa zaidi ya mara 400, na tofauti iliyopatikana ni milimita 5.

Hata ungelinganisha uzito, upana wa duara usingekupa jibu. Agari, ile jeli iliyo kwenye sahani, kwa sehemu kubwa ni maji. Flukonazoli huyeyuka humo na kusambaa. Yujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, haipatani na maji, lakini hutoa mvuke unaojaa chini ya kifuniko na kugusa sahani nzima. Itazame tena sahani yako: je, duara la flukonazoli limepanuka upande unaoelekea karafuu? Likiwa hivyo, hata zile milimita 19 si za dawa peke yake. Rudia kila kitu kwenye sahani yake. Kisha chukua sahani nyingine, igeuze, weka karatasi yenye mafuta ndani ya kifuniko bila kugusa agari. Fangasi wasipoota, umeonyesha kwamba mvuke wenyewe unafanya kazi, na hilo ni tokeo lenye maana.

Angalia pia ukingo wa kila duara. Wa flukonazoli mara nyingi huwa na ukungu, na ndani yake hubaki vikoloni vidogo, kwa sababu dawa hii huwazuia Candida wasiongezeke bila kuwaua. Hupimwa pale uotaji unapopungua ghafla. Ukiusubiri usafi kamili utaipunja dawa.

Kuhusu mwarobaini, zile milimita 9 ni za DMSO, kwa hiyo bado hujajua lolote juu ya majani. Pengine hayana kitu dhidi ya fangasi huyu, au pengine viambato vyake ni vizito, vya asili ya mafuta, vikabaki pale pale kwenye karatasi. Diski haiwezi kutofautisha hali hizo mbili.

Kipimo unachohitaji ni cha kuzimua kwenye mchuzi wa kuoteshea fangasi, katika sahani ya vishimo 96, ili upate kiwango cha chini kabisa kinachozuia uotaji, kwa mikrogramu katika kila mililita. Tumia mchuzi wa RPMI 1640 uliowekewa bafa ya MOPS, inayotuliza asidi, pH 7.0. Kwa mwarobaini anzia 1,000, ukipunguza nusu kwa nusu, na DMSO isizidi asilimia 1 katika kishimo chochote. Mafuta yaanzie juu zaidi, 4,000 hivi, yakichanganywa na Tween 80 kidogo, inayosaidia mafuta kuchanganyika na maji. Fangasi walinganishe na McFarland 0.5, kipimo cha rejea cha ukungu wa kimiminika, kisha wazimue mara 1,000, ili baada ya kuchanganya ubaki na seli 500 hadi 2,500 kwa mililita. Hapa usikadirie kwa jicho: seli zikizidi, kiwango kinapanda na dawa nzuri inaonekana dhaifu. Acha kwa nyuzi 35, saa 24.

Karafuu italeta shida mbili. Mvuke wake huhamia vishimo vya jirani, kwa hiyo funika kwa utando unaonata, acha safu tupu katikati, na usiiweke sahani moja na mwarobaini. Pia mafuta yenyewe, yakiwa hayajazimuliwa, hula plastiki ya polistirini mpaka inafifia, kwa hiyo yachanganyie kwenye chupa ya kioo. Shida ya mwarobaini ni ukijani, maana huwezi kuona kama kishimo kimechafuka kwa fangasi kuota. Weka rangi ya resazurini, ambayo seli hai huigeuza kutoka bluu kuwa waridi. Ila baadhi ya viambato vya mimea huigeuza bila msaada wa seli, kwa hiyo uwe na vishimo vya dondoo bila fangasi.

Katika kila zamu pima flukonazoli kwa Candida parapsilosis ATCC 22019, fangasi wa rejea ambaye kiwango chake kinajulikana. Baada ya saa 24 isomeke kati ya mikrogramu 0.5 na 4 kwa mililita. Ikitoka nje ya hapo, tupa matokeo yote ya siku hiyo, hata kama ya karafuu yanapendeza. Halafu chukua tone kutoka kila kishimo kilichobaki safi, uoteshe kwenye agari ya Sabouraud, ya kuoteshea fangasi. Wasipoota, wameuawa, hawakuzuiwa tu.

Usishangae karafuu ikisoma mamia ya mikrogramu wakati flukonazoli inasoma chini ya 2. Hiyo haiui thamani ya mradi wako. Kwangu mimi swali la nani zaidi halina faida kubwa. Ongeza Candida krusei, ambaye kwa asili yake hasikii flukonazoli, uone mafuta yanamfanya nini. Na ueleze ni mafuta gani: ya karafuu zenyewe, ya makonyo (vikonyo vyake) au ya majani. Hayafanani kwa kemia, na msomaji wa Pemba atakuuliza hilo kwanza.

Atakayekuuliza kama apake mwanawe mwenye mapunye, mjibu hapana. Mapunye husababishwa na fangasi wengine, na mafuta yasiyozimuliwa huunguza ngozi. Kabla ya kufika huko kuna kipimo cha sumu kwa seli za binadamu au mnyama.

Kwa data ya leo, sentensi inayosimama ni hii: "Mafuta ya karafuu, mikrolita 10 kwa diski, yalizuia C. albicans kuota, dondoo la mwarobaini halikutofautiana na DMSO." Iandike hivyo, kisha omba sahani za vishimo.