Nani kawaambia makundi ni ya kupasha mwili?

Mdogo wangu, viatu vitasubiri. Umeandika kwamba mko kambini hapa Kampala mkijiandaa na mchujo wa michezo ya vyuo vikuu vya dunia, ile ya Chungcheong, Korea Kusini, mwaka 2027, na kwamba unacheza fensingi, mchezo wa kupigana kwa panga, upande wa foili, upanga mwembamba wa kuchoma kwa ncha, wanaume mmoja mmoja. Ukauliza kuhusu viatu, chakula, nyaya za akiba (zile za kuunganisha foili na mashine ya taa) na namna ya kumkabili mpinzani wa mkono wa kushoto. Halafu katikati, kama jambo dogo tu, ukagusia kwamba kocha wenu amesema hatua ya makundi mwichukulie kama ya kupasha mwili, miguu itunzwe kwa ajili ya mtoano. Hapo nikaacha rolex yangu, chapati ya mayai, ikapoa.

Hapana. Usifanye hivyo. Mimi nilifanya hivyo.

Niliambiwa maneno hayohayo na mtu aliyeletwa kutunoa kabla ya safari. Simtaji, ila kama anasoma hapa atajijua. "Ukiona umeachwa tatu bila, mwachie mbili zilizobaki, usimwage jasho bure." Aliyasema kwa uhakika mkubwa hata hakuna aliyethubutu kuuliza swali. Tukaamini, kwa sababu wengi wetu tuliijua fensingi kwa kutazama Olimpiki kwenye simu, na kwenye Olimpiki mchezaji wa mmoja mmoja anaingia moja kwa moja kwenye mtoano. Hakuna makundi pale. Ukimtazama Cheung Ka Long wa Hong Kong akimfunga Filippo Macchi wa Italia 15–14 kwenye fainali ya Paris 2024, huoni makundi popote, unadhani mchezo wote ni ule wa miguso 15 (mguso mmoja ni pointi moja) na vipindi vitatu vya dakika tatu. Mashindano mengine mengi hayako hivyo. Unaanza kwenye kundi la watu sita au saba, pambano ni miguso mitano au dakika tatu, na yote yanaisha asubuhi moja.

Sasa sikiliza hesabu, maana huyo bwana hakutufundisha hesabu. Makundi yakiisha, wachezaji wote wanapangwa kwenye orodha moja. Kwanza wanatazama uwiano wa ushindi wako na mapambano uliyocheza. Mkilingana, wanatazama miguso uliyopiga ukitoa uliyopigwa, kama tofauti ya magoli kwenye ligi. Mkilingana tena, wanatazama nani amepiga mingi zaidi. Chukua mtu mwenye mapambano sita: ameshinda mawili 5–3 na kupoteza manne 1–5. Amepiga 14, amepigwa 26, yuko hasi 12. Mtu huyohuyo angepoteza manne yale kwa 3–5, angekuwa hasi 4. Ushindi ni uleule, lakini kati yao wanaingia watu wengi, kwa sababu walioshinda mawili kati ya sita huwa wamejaa kwenye orodha.

Orodha hiyo ndiyo inayokupa mpinzani. Kwenye jedwali la 64, wa kwanza anakutana na wa 64, wa tano na wa 60, wa 25 na wa 40. Umeona? Ukiwa wa 40, unacheza na mtu wa katikati ambaye naye ana wasiwasi kama wewe. Ukiwa wa 60, unakutana na wa tano kwa ubora siku hiyo. Na yako mashindano ambayo walio mkiani kabisa hawafiki hata kwenye mtoano, wanavua barakoa na kurudi hotelini.

Mimi niliachwa 0–3 na kijana wa Korea Kusini, nikakumbuka ushauri, nikalegeza mabega. Nikawa narudi tu nyuma, narudi, mpaka miguu yote miwili ikavuka mstari wa mwisho wa ulingo. Huo ni mguso kwa mpinzani, hata kukugusa hana haja. Wa tano nilimpa nikiwa nimeshaanza kuwaza maji ya kunywa. Pambano lililofuata la kushindwa nikalicheza vilevile. Kulikuwa na mwenzangu kwenye kundi lile, kutoka nchi nyingine ya Afrika, tukiwa sawa kabisa kwa ushindi. Yeye alipoteza kwa 3–5 na 4–5, akitoka ulingoni anahema, mimi nikimwona mjinga anayejichosha. Orodha ilipobandikwa, yeye alikuwa katikati, mimi karibu na mwisho. Alipata mtu wa saizi yake, akashinda, akaenda raundi nyingine. Mimi nilipewa Mfaransa ambaye sikuweza hata kuuona mkono wake ukianza. Miguu niliyoitunza haikupata kazi ya kufanya.

Banange, hilo bado linaniuma. Kushindwa na Mfaransa nakukubali, alikuwa bora. Kinachouma ni miguso niliyoigawa bure asubuhi nikiwa na nguvu zote.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii, na nitairudia kwa kila anayeniuliza: ukiwa 0–4 chini kwenye kundi, unacheza pambano jipya la kutafuta mguso mmoja. Ukiupata, tafuta mwingine. Muda ukiwa umebaki, usimkimbilie. Kaa umbali wako, mlazimishe aje. Wengi wakiongoza 4–0 wanakuwa wavivu wa mkono, wanasogea huku kiwiko kimekunjwa. Hapo ndipo pa kunyoosha wewe kwanza, ncha ikiwa inatishia kifua chake. Refa anatazama nani ameanza kutishia, na wewe utakuwa na haki ya shambulio, yaani mguso ni wako, hata taa zenu zote mbili zikiwaka. Usipige mikono wala mapaja kwa pupa, si eneo la kupigwa kwenye foili. Ile taa nyeupe inasimamisha mchezo na hukupata kitu.

Kumbuka Alexander Massialas kule Rio 2016, robo fainali dhidi ya Giorgio Avola. Alikuwa nyuma 8–14, mguso mmoja tu atolewe. Akashinda 15–14, na akamaliza na medali ya fedha. Na Alaaeldin Abouelkassem wa Misri, London 2012, alifika fainali ya foili na kupoteza 13–15 kwa Lei Sheng wa China. Ile fedha ndiyo medali ya kwanza ya fensingi ya Olimpiki kwa Afrika. Ukimtazama kwenye fainali ile, hutaona mguso alioutoa kama zawadi.

Nyaya umeuliza, na nyaya ni habari ileile. Nenda ulingoni na foili mbili zinazofanya kazi na nyaya mbili za mwilini, pamoja na nyaya mbili za barakoa, maana upande wa chini wa barakoa nao ni eneo la kupigwa. Kifaa kikikutwa kibovu, kadi ya njano. Kosa la namna hiyo likijirudia katika pambano lilelile, kadi nyekundu, na kwenye fensingi nyekundu haikutoi nje kama kwenye mpira, inampa mpinzani mguso. Yaani unaweza kupoteza nafasi yako kwenye orodha kwa sababu ya waya uliokatika ndani ya begi. Foili ipimwe na gramu 500 kabla hujaitwa. Ncha lazima iusukume uzito huo urudi juu, isipofanya hivyo usiibebe.

Na karatasi ya kundi usitie sahihi kabla hujaisoma mstari kwa mstari. Kama ulipata tatu na wameandika mbili, sema palepale refa akiwa bado amesimama hapo.

Wa mkono wa kushoto nao, mwibie miguso hata kama anakufunga. Ukipoteza kwake 4–5 badala ya 1–5, umerudi na mitatu.

Kesho mazoezini mwambieni kocha awapambanishe kwa miguso mitano, mmoja aanze akiwa 0–4, na kila mguso anaoupata huyo uandikwe ukutani. Akikataa, mwonyesheni hesabu ile ya hasi 12 na hasi 4, aifanye mwenyewe kwa kalamu.