Kabla hujanunua kadi mpya ya picha, jua kwanza nani anamchelewesha mwenzake

Mkuu nimesoma swali lako mara mbili, maana mashine yako inakaribia kufanana na niliyokuwa nayo mimi. Umesema una prosesa ya Ryzen 5 2600, kadi ya GTX 1660 ya 6GB, RAM 8GB kijiti kimoja, mazabodi (bodi kuu) ya B450 na monita ya 1080p yenye 144Hz, gemu yako kubwa ni Counter-Strike 2 (CS2) na Cyberpunk 2077 kidogo wikiendi, hela inatosha kitu kimoja kwa sasa na wengi wanakwambia chukua kadi ya RTX 4060 umalize. Mi naomba usiharakishe, maana hiyo "chukua kadi umalize" ndo niliyoifuata, nikakaa miezi na kadi nzuri ambayo nusu ya muda imekaa haina kazi.

Wakati huo nilikuwa na prosesa ya Ryzen 5 1600 na kadi ya GTX 1060, RAM kijiti kimoja kama wewe. Nikanunua kadi ya RX 6600. Cyberpunk ikabadilika kweli, nilifurahi usiku ule mpaka nikachelewa kulala. Kesho yake nafungua CS2, namba zile zile za jana. Moshi ukirushwa watu wakakutana sehemu moja, fremu (picha zinazochorwa kila sekunde) zinashuka toka 110 mpaka 60 na kidogo, mausi inakuwa nzito mkononi, unalenga mtu unamkuta ameshahama. Nikafuta draiva nikaweka upya, haikusaidia, nikashusha setingi zote mpaka chini kabisa, picha ikawa mbaya kabisa na fremu hazikupanda. Jibu lilikuwa palepale mbele ya macho yangu: ukishusha picha na fremu zisipande, tatizo haliko kwenye kadi.

Chukulia fundi mwashi na saidia fundi wake. Saidia anakoroga zege anabeba tofali, fundi anapanga. Prosesa ndo saidia fundi, kila fremu yeye anahesabu nani yuko wapi, risasi imepita wapi, sauti itokee upande gani, alafu anaikabidhi kadi maelekezo ya kuchora. Saidia akiwa mzito, hata ulete fundi hodari kiasi gani atasimama na mwiko mkononi anasubiri. Na kinyume chake pia, zege likijaa chini fundi akiwa mmoja mchovu, kuongeza saidia hakujengi ukuta. Kwaiyo swali la kwanza ni nani kati ya hawa wawili anamsubirisha mwenzake, na jibu linabadilika kwa kila gemu, ndo maana ushauri wa jumla mara nyingi unapotea.

Kupima ni bure. Weka programu ya MSI Afterburner pamoja na RivaTuner inayokuja nayo, washa namba zionekane kwenye kioo: matumizi ya kadi, matumizi ya kila uzi wa prosesa (njia moja ya kazi ndani yake), memori ya kadi, RAM na muda wa fremu. Zima V-Sync (setingi inayofunga fremu zifuate mwendo wa monita) na uondoe kikomo chochote cha fremu, maana ukisahau hapo kadi itaonekana imepumzika kumbe we mwenyewe umeifunga breki. Cheza dakika kumi kawaida, usisimame sehemu tupu. Kadi ikikaa 97 mpaka 99% muda wote, kadi ndo inayochelewesha. Ikikaa 50 au 60% na fremu bado hazikutoshi, angalia upande wa prosesa na RAM. Alafu usidanganywe na ile namba ya jumla ya prosesa. 2600 ina viini 6 na nyuzi 12, uzi mmoja ukijaa mpaka mwisho kwenye jumla unaonekana kama 8% tu, kwaiyo unaweza kuona 45% ukasema prosesa imelala kumbe uzi mmoja uliobeba gemu umezidiwa kabisa. Ndo maana nikasema washa kila uzi.

Kama bado una shaka shusha rezolusheni toka 1080p mpaka 720p. Hapo kazi ya kadi inapungua zaidi ya nusu, toka pikseli milioni 2 na kidogo mpaka laki 9 na kidogo. Fremu zikiruka juu ni kadi, zikibaki palepale ni prosesa au RAM.

Na usiangalie wastani peke yake. Kwa monita ya 144Hz fremu inatakiwa itoke kila milisekunde 7 hivi, sasa moja ikichukua 30 mkono unaisikia hata kama wastani umeandika 120. Ule mstari wa muda wa fremu ukiwa umenyooka gemu ni laini, ukiwa na miiba miiba utateseka tu.

Sasa RAM, hapa ndo naona umeacha nguvu nyingi mezani. Kijiti kimoja maana yake memori inapita njia moja. Kijiti kimoja cha DDR4 (aina ya RAM ya bodi yako) chenye spidi ya 3200 kinapitisha kama GB 25.6 kwa sekunde, viwili vilivyokaa vizuri vinafika 51.2, na hizi Ryzen za AM4 (soketi ya prosesa kwenye bodi yako) zinaisikia sana spidi ya RAM kwa sababu njia ya ndani inayounganisha vipande vya prosesa inakwenda na mwendo wa RAM. Na 8GB kwa leo ni ndogo, ukifungua gemu na kivinjari na Discord imejaa, Windows inaanza kuhamishia vitu kwenye diski na hapo ndo unapata ile kukwama ya ghafla. Vijiti viwe jozi ya 8 na 8, uvichomeke nafasi ya pili na ya nne ukihesabu toka kwenye prosesa, bodi nyingi ni hivyo ila soma kitabu chake. Alafu ingia BIOS (setingi za bodi kabla Windows haijawaka) washa XMP, ndo inayoipa RAM spidi yake kamili, bodi nyingine inaandika DOCP. Nimefungua mashine ya rafiki yangu aliyenunua RAM ya 3200, ikawa inatembea 2133 mwaka mzima, hakuna aliyemwambia kuna kitu cha kuwasha.

Prosesa: B450 yako inakubali Ryzen 5 5600, huhitaji bodi mpya wala RAM ya aina nyingine, na hii ndo raha ya AM4. Kilichobadilika siyo spidi tu. 2600 ina kashe ya L3 (memori ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ya 16MB iliyogawanywa mafungu mawili ya 8, kila viini vitatu na fungu lao, 5600 ina 32MB ambayo viini vyote sita vinachota humohumo, na gemu kama CS2 zinapenda kashe kupita maelezo. Mimi nilipotoka 1600 kwenda 5600 kwa kadi ileile ya RX 6600, zile 60 za kwenye moshi zikawa zaidi ya 100.

Ila sasisha BIOS ukiwa bado na prosesa ya zamani ndani, hiyo usiikosee. Ukitoa kwanza unaweza kuwasha ukapata kioo cheusi tu. Na kutoa feni ya prosesa, cheza gemu robo saa kwanza ili pesti (ile dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na feni) ilainike, zima, chomoa umeme, alafu izungushe kushoto kulia taratibu kabla ya kuinua. Mi niliivuta ikiwa baridi, prosesa ikatoka imenata chini ya feni, pini nne zimelala. Nilizinyoosha kwa wembe chini ya taa, moja moja, karibu saa nzima, mikono inatetemeka, na iliwaka namshukuru Mungu.

SSD haiongezi fremu, inakupunguzia kusubiri tu. Kama gemu bado ziko kwenye diski ya zamani ya kuzunguka (HDD) basi hamisha, ila usitegemee muujiza.

Cyberpunk ndo sehemu ambayo 1660 yako itazidiwa, hapo hakuna ubishi, na 4060 itakuja kusaidia wakati wake. Inakula 115W tu kwaiyo haitasumbua pawa saplai yako kama ni nzima, na bodi yako ni PCIe 3.0 (njia ya kadi na bodi, ya kizazi cha tatu) wakati kadi inatumia njia nane tu, utapoteza kidogo siyo cha kukuumiza.

Kwa CS2 yako mimi ningeenda RAM kwanza, 5600 ikifuata, kadi ya mwisho. Ila pima leo kabla ya kutoa hela, na kabla ya kupima angalia kama Windows imewekwa 144Hz kweli, maana mara nyingi inabaki 60 yenyewe kimya kimya. Namba za kadi na za ule uzi uliojaa zaidi ziandike hapa tuzisome pamoja.