Fuawe ya Gerezani: ni kilo 110 kweli?

SWALI: Shikamoo fundi. Mi nipo Mbagala, nimeanza kufua visu na patasi hapa nyumbani, bado mgeni kabisa kwenye hii kazi. Nimeona fuawe ya zamani (lile chuma zito la kufulia juu yake) kule Gerezani, hapa hapa Dar, imepigwa rangi nyeusi inang'aa, ubavuni ina namba 1 1 10 na muuzaji anasema ndo kilo 110, anataka laki nane. Kasema nikilipa ataisaga uso na grenda iwe kama kioo. Nichukue?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, hela usiitoe kwanza.

Hizo namba sio kilo. Fuawe za zamani za Uingereza ziliandikwa uzito kwa namba tatu, ya kwanza unazidisha mara ratili 112, ya pili mara 28, ya tatu ni ratili zenyewe, kwa hiyo yako ni 112 na 28 na 10, jumla ratili 150, kama kilo 68 hivi. Wauza skrepa wana mizani, mwambie aipandishe ukiwa umesimama hapo hapo. Kilo 68 kwa anayeanza ni nzuri sana, ila usilipie 110.

Rangi mpya ndo inanitia wasiwasi. Chukua msumari ukwangue kwenye kingo, ukitoa unga ujue kuna puti imeziba palipomeguka. Kingo kumeguka kidogo sio tatizo, we tafuta sehemu nzima ya kufanyia kazi, lakini kuficha ni jambo lingine.

Sasa nenda na rula na gololi ya beringi. Iachie toka sentimita 30 juu ya uso, usiisukume, iache idondoke yenyewe. Ikirudi sentimita 21 au zaidi uso wake ni chuma kigumu (stili), ikiruka kidogo tu ikalala hicho ni kasti (chuma cha kumimina) au uso ushalainika, na nguvu zako zote zitaishia humo. Rudia kila sehemu, katikati, pembeni, karibu na tundu la mraba, halafu gonga gonga na nyundo ndogo, ukikuta mahali sauti imekufa ghafla inawezekana bamba la juu limeachia.

Na grenda katakata! Nyingi za zamani ni bamba gumu jembamba lililoungwa juu ya chuma laini, kila akisaga anakupunguzia kitu ambacho hakirudi. Vikwaruzo viache.

Ikifeli mtihani wa gololi tafuta kipande cha shafti nene ya lori, kisimamishe wima ndani ya gogo ili chuma chote kiwe chini ya nyundo, utafua visu vizuri tu. Kipande cha reli usinunue kwa mtu wa mtaani, ile ni mali ya umma na kesi yake ni nzito.