Cheri ya maua kwa mbegu hapa Mtwara: itaota, ila haitachanua

Mkuu uliyeuliza kama mbegu za cheri ya Kijapani zitaota Mtwara: kuota zitaota, ila usitegemee maua.

Mbegu ya cheri ina usingizi (hali ya kugoma kuota) wa ndani, kwenye kiini chenyewe. Maji ya moto hayauondoi, unaondolewa na baridi. Osha nyama yote ya tunda, changanya mbegu na mchanga wenye unyevu kidogo, tia kwenye mfuko uliotobolewa, weka sehemu ya chini ya friji (nyuzi 1 hadi 5, isiwe friza) kwa miezi 3 hivi. Mchanga ukiubana usidondoshe maji, la sivyo mbegu zinaoza. Kagua ukungu kila wiki. Umeme ukikatika siku kadhaa, joto linaharibu kazi.

Tatizo ni baadaye. Machipukizi ya maua nayo yanadai wiki nyingi za baridi chini ya nyuzi 7, na mti huwezi kuuweka kwenye friji. Hata kwenye miinuko ya Newala au Rondo baridi hiyo haipo. Tena ile aina maarufu ya Japani, Somei Yoshino, huzalishwa kwa kubebesha vikonyo, yaani kuunganisha kijiti cha mti mama kwenye mche mwingine. Mbegu yake haitoi mti unaofanana na mama.

Kwa nguvu hizohizo otesha mkrismasi (Delonix regia, ule wa maua mekundu). Usingizi wake uko kwenye ganda tu. Mwagia mbegu maji yaliyotoka kuchemka, ziache humo saa 24. Zilizovimba panda, zisizovimba zikwangue kwa msasa upande ulio mbali na kitovu (kovu dogo mbegu iliposhikamana na tunda), loweka tena. Kupanda mbegu isiyovimba ndiko kunakofanya watu waseme mbegu ni mbovu.

Anza Septemba, ili miche iwahi mvua za Desemba. Kwenye viriba weka udongo wa juu sehemu 3, mchanga sehemu 1, samadi iliyooza vizuri sehemu 1. Fukia sentimita 2. Vinyanyue viriba kila baada ya wiki 2. Mzizi mkuu wa mkrismasi unatoboa chini haraka, na ukiukata siku ya kuhamisha, mche unanyauka. Shimo liwe sentimita 60 kwa 60, mita 10 kutoka ukutani, maana mizizi yake hutambaa juujuu na kupasua sakafu. Mchwa ndio adui mkubwa mwaka wa kwanza: usifukie majani makavu shimoni wala kuyarundika shinani.

Maua ya kwanza yasubiri miaka 5 au zaidi.